KARAVANI ILIYOEGESHWA: MAGURUDUMU KWANZA, MIGUU BAADAYE

Mafunzo ya Watu Wazima kwa Redio
Mfululizo wa Ufundi wa Kila Siku

Leo tutazungumza habari za nyumba yenye magurudumu, yaani karavani, na jinsi ya kuifanya itulie ikiisha kuegeshwa. Nataka kuwaelezeni mambo matatu: kwanza, kwa nini karavani hutikisika, pili, namna ya kuituliza, tatu, hatari zilizomo katika kazi hiyo, maana zimo, na watu wamepata kufa kwa kutozijua.

Viongozi wa makundi ya wasikilizaji, tafadhali wekeni mbele yenu vitu hivi: kigoda cha miguu mitatu, meza au kiti cha miguu minne, ndoo yenye maji nusu, fito nne zilizo sawa, na wa tano ulio mrefu kuliko hizo kwa nusu yake, na kamba kidogo. Kila kitu kina kazi yake katika somo hili. Kama kimoja hakipatikani, msihangaike. Sikilizeni tu, nanyi mtajaribu baadaye.

KARAVANI NI NINI?

Karavani ni chumba, au nyumba ndogo, iliyojengwa juu ya tela. Haina injini. Huvutwa na motokaa au lori mpaka mahali inapotakiwa, kisha hufunguliwa, na lile gari lililoivuta huenda kufanya kazi nyingine. Ndani yake mna kitanda, meza na kabati, na mara nyingi jiko la gesi na tangi la maji.

Huko Uingereza watu walianza zamani kusafiri na nyumba za namna hii kwa ajili ya matembezi. Mwaka 1885 daktari mmoja, William Gordon Stables, alitengenezewa karavani ya kuvutwa na farasi, na mwaka 1907 wenye karavani nchini humo waliunda chama chao. Marekani nako karavani ni nyingi mno. Wako wanaozitumia kwa likizo, na wako wanaokaa humo mwaka mzima. Baada ya tufani iliyoitwa Katrina kubomoa miji ya kusini ya nchi hiyo mwaka 2005, serikali iliwapa watu waliopoteza makazi karavani kwa maelfu wapate mahali pa kulala.

Na Afrika ya Mashariki je? Mwaka 1959 msafara wa karavani 41 uliondoka Cape Town ukiongozwa na Mmarekani Wally Byam, mtengenezaji wa karavani za Airstream. Ulipita Uganda na Kenya, ukaenda Ethiopia, na mwaka 1960 ukafika Cairo. Lakini karavani si ya watalii peke yao. Hukaliwa na mafundi wanaojenga barabara mbali na miji, na wachimbaji wa visima. Hutumiwa pia na wauguzi wanaowafuata wagonjwa vijijini. Basi yafaa tujue kuitunza.

KWA NINI TUSUMBUKE NA MTIKISIKO?

Labda mtu atasema, "Kutikisika kidogo kuna ubaya gani? Si nyumba ya magurudumu?" Ni swali la haki, na jibu lake ni hili.

Fikirini karavani inayotumiwa kama chumba cha matibabu. Muuguzi ameshika sindano, na mtoto amepakatwa na mama yake. Mara mgonjwa mwingine anapanda ngazi ya mlango, na sakafu yote inainama. Mkono wa muuguzi unaenda usikotaka. Au fikirini mtu aliyeinamia darubini akitafuta vijidudu vya malaria katika tone la damu. Darubini hukuza kila kitu, na mtikisiko nao hukuzwa. Mwenzake akipiga hatua mbili tu, picha inaruka, naye hajui tena alikuwa akitazama wapi. Mizani ya kupimia watoto nayo haitulii.

Hata kwa anayelala humo tu, uko ubaya. Friji ya gesi, ambayo hutumiwa katika karavani nyingi, haina mota ya kuisukuma dawa yake. Dawa hiyo hushuka ndani ya mabomba kwa uzito wake yenyewe. Karavani ikiwa imeinama sana, dawa hukwama, na friji huacha kupoza. Kadhalika sufuria ya maji ya moto huteleza juu ya jiko.

Na zaidi ya hayo yote, karavani inayotikisika inakwambia kitu. Inakwambia kwamba haijashikwa sawasawa. Leo inacheza kidogo, kesho mvua italainisha ardhi, na keshokutwa itateremka peke yake. Watoto hupenda kucheza kwenye kivuli cha tela. Tukumbuke hilo tunapoendelea.

HUTIKISIKA KWA NINI?

Nyumba ya matofali hukaa juu ya msingi. Karavani haikai juu ya msingi. Hukaa juu ya springi, na springi hukaa juu ya ekseli, na ekseli hushikwa na magurudumu, na magurudumu yamevaa matairi yaliyojaa hewa. Springi na matairi yalitengenezwa makusudi yabonyee, ili barabara mbaya isiivunje nyumba. Safarini kubonyea huko ni rafiki yetu. Tukiisha kuegesha, kunageuka kuwa adui.

Karavani hutikisika kwa namna tatu, na kila namna ina dawa yake. Ya kwanza ni kwenda mbele na nyuma, magurudumu yanapobingirika kidogo na kurudi. Ya pili ni kuyumba upande kwa upande, kama mtumbwi mwembamba anapoingia mtu mnene. Ya tatu ni kupanda na kushuka, kama kitanda cha springi. Mtu asiyezitenga namna hizi tatu atakaza jeki mpaka achoke, na nyumba itaendelea kucheza, kwa kuwa anatibu tumbo la mwenye kuumwa na jino.

Tena kuna jambo la ajabu kidogo. Mtu atembeaye kwa kawaida hupiga hatua kama mbili kwa sekunde moja. Sanduku lililo juu ya springi nalo lina mwendo wake wa kupanda na kushuka, na mara nyingi mwendo huo haupishani sana na hatua za mtu. Mnajua jinsi mtoto anavyosukumwa kwenye bembea. Huhitaji nguvu nyingi. Ukimsukuma kidogo kidogo kwa wakati wake, bembea hupanda juu sana. Hivyo ndivyo mtoto mwepesi akimbiaye ndani ya karavani aweza kuitikisa nyumba yenye uzito wa tani nzima. Dawa yake ni kuiondolea nyumba ile nafasi ya kubonyea.

KABLA YA KUIFUNGUA KARAVANI

Sasa tufanye kazi. Karavani imefika, ingali imefungwa nyuma ya gari. Usiifungue bado.

Kwanza, chagua mahali. Tafuta ardhi ngumu na tambarare. Usiegeshe katika mkondo wa maji uliokauka, hata kama mchanga wake ni mzuri, wala chini ya mti wenye matawi makavu. Tazama na upepo. Ubavu wa karavani ni mpana kama tanga, na upepo ukiupiga huiyumbisha. Kwa hiyo elekeza pua ya karavani unakotoka upepo mkali. Wenzetu wa pwani wanajua majira ya kusi na majira ya kaskazi. Basi wasiegeshe kwa kusi kama walivyoegesha kwa kaskazi.

Pili, sawazisha kushoto na kulia. Chukua ubao ulionyooka wa mita moja, uulaze sakafuni kwa upana wa karavani, uweke pimamaji juu yake. Tuseme upande wa kushoto uko chini. Inua ncha ya kushoto ya ubao kwa vipande vya kadibodi mpaka kipovu kikae katikati, kisha pima unene wa vipande hivyo. Tuseme ni sentimita 2. Kama umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ni mita 2, basi gurudumu la kushoto litahitaji kuinuliwa sentimita 2 mara 2, ndizo sentimita 4. Weka ubao wa unene huo mbele ya gurudumu la kushoto, na dereva avute polepole mpaka gurudumu lipande juu yake. Tairi lote likae juu ya ubao, lisining'inie pembeni. Ikiwa huna pimamaji, weka sinia la maji sakafuni, utazame kama maji yana kina kimoja kingo zote.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, tia kabari. Kabari ni kipande cha mbao ngumu, au cha chuma, chenye umbo la pembetatu. Huingizwa chini ya tairi, mbele na nyuma, kikagusa mpira sawasawa. Weka kabari kwa magurudumu ya pande zote mbili za karavani. Mautingo wa malori huokota jiwe lolote lililo karibu. Lakini jiwe la mviringo hubingirika pamoja na gurudumu, na jiwe dogo hurukwa. Kabari ina uso bapa unaokaa juu ya ardhi, na mteremko unaolikumbatia tairi.

Mtu atauliza, "Breki ya mkono haitoshi?" Haitoshi. Karavani nyingi za Ulaya zina breki ya mkono, lakini karavani nyingi za Marekani hazina kabisa. Breki zao hutumia umeme na huongozwa kutoka gari linalovuta. Na hata ile yenye breki, breki hushika gurudumu tu. Haizuii mpira wa tairi kujikunja.

Tupige hesabu kidogo. Karavani yenye uzito wa kilo 1,000 imesimama juu ya mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 20. Mteremko kama huo macho hayauoni sana. Hata hivyo karavani ile inavutwa kwenda chini kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 50, ndio mfuko mzima wa saruji. Ikiisha kuanza kwenda haishikiki kwa mkono. Mwenye kukimbia mbele yake ili aizuie anakimbilia kifo. Ndiyo maana tunasema magurudumu kwanza.

Karavani yenye ekseli mbili ina nafasi ndogo kati ya tairi la mbele na tairi la nyuma. Iko kabari ya skrubu inayotiwa katika nafasi hiyo na kutanuliwa mpaka ibane matairi yote mawili. Hii huondoa sehemu kubwa ya ule mchezo wa mbele na nyuma. Lakini haichukui nafasi ya kabari za chini. Na kwa kuwa hewa ya tairi hutanuka mchana kwa joto na kusinyaa usiku kwa baridi, ikaze tena asubuhi.

SASA IFUNGUE

Kabari zikiisha kukaa, kaza breki ya mkono kama ipo, teremsha gurudumu dogo la mbele au jeki ya mbele, ndipo uifungue karavani kutoka gari. Gari lisogee mbele kidogo tu. Kisha sawazisha mbele na nyuma kwa kupandisha au kushusha jeki ile. Ubao na pimamaji sasa vilazwe kwa urefu wa karavani.

Mpaka hapo mtu yeyote asiingie ndani. Karavani ya ekseli moja ni kama ubao wa kupembea wa watoto, ambao katikati yake ni ekseli. Mtu mzito akienda nyuma kabla miguu ya nyuma haijashuka, pua huruka juu na mkia huanguka chini.

MIGUU YA KONA

Kwenye kona nne za karavani mna miguu ya chuma inayoteremshwa kwa kuzungusha mkono. Hapa viongozi wa makundi watumie kigoda na meza. Wekeni kigoda cha miguu mitatu mahali pasipo sawa, mkitikise. Hakichezi, ingawa huenda kimeinama. Wekeni meza ya miguu minne papo hapo. Inacheza, kwa sababu mguu mmoja uko hewani. Miguu mitatu hupata ardhi daima, lakini wa nne hubahatisha. Basi karavani yenye miguu minne haitatulia mpaka kila mguu umeishika ardhi kwa nguvu inayokaribia kuwa sawa na ya mwenzake. Teremsha kila mguu mpaka uguse, kisha zunguka tena ukikaza kila mmoja kidogo kidogo.

Mguu wenyewe ni mwembamba, na ardhi ni laini. Tuseme mguu mmoja umebeba kilo 200, na unyayo wake una sentimita 10 kwa 10, yaani sentimita za mraba 100. Kila sentimita ya mraba ya ardhi imebeba kilo 2. Sasa weka chini yake ubao mnene wa sentimita 30 kwa 30. Eneo limekuwa sentimita za mraba 900, na kila moja inabeba kama gramu 220 tu. Uzito ni ule ule, ila umegawanywa. Ngamia hutembea juu ya mchanga ambamo punda huzama, kwa kuwa unyayo wa ngamia ni mpana na kwato za punda ni nyembamba. Ipe karavani yako unyayo wa ngamia.

Sasa sikilizeni vizuri. Miguu hii haikutengenezwa ili kuiinua karavani. Kazi yake ni kuituliza tu. Uzito mkubwa wa nyumba unatakiwa ubaki juu ya magurudumu na ekseli. Kaza mpaka mguu ushike, na springi ipunguziwe mzigo kidogo, kisha acha. Ukiendelea kukaza mpaka tairi liache ardhi, unafanya makosa matatu pamoja. Unapinda chesisi, yaani fremu ya chuma iliyo chini ya sakafu, na milango itaanza kukwama. Unaiondolea karavani kabari zako, kwa maana tairi lililo hewani halishikwi na kabari. Na unaisimamisha nyumba juu ya vyuma vinne vyembamba ambavyo vyaweza kukunjika ghafula.

Kwa sababu hiyo mtu asiingie kamwe chini ya karavani iliyoshikwa na miguu au jeki peke yake, hata kwa kuokota mpira wa mtoto. Wala msitumie matofali ya saruji yenye matundu kama nguzo. Hupasuka bila kutoa habari. Kama karavani itakaa miezi mingi mahali pamoja, fundi aishike kwa stendi za chuma imara au magogo yaliyopangwa msalaba, chini ya ekseli au chesisi, mahali alipoonyesha mtengenezaji, wala si chini ya sakafu nyembamba.

KWA NINI BADO INACHEZA?

Umeweka kabari, umeteremsha miguu juu ya mbao, na bado nyumba inacheza kidogo kwenda mbele na nyuma. Kwa nini?

Chukueni fito zenu nne, mzifunge kwa kamba kwenye kona zipate kuwa fremu ya mraba. Simamisheni fremu hiyo, kisha sukumeni kona ya juu. Inalala upande. Sasa fungeni ule ufito wa tano kutoka kona ya chini hadi kona ya juu iliyo mkabala. Sukumeni tena. Haiendi. Mmegeuza mraba kuwa pembetatu mbili, na pembetatu haibadiliki umbo lake mpaka ufito mmoja uvunjike. Seremala analijua jambo hili; ndiyo maana mlango wa mbao huwekewa ubao wa mshazari nyuma yake, usije ukalegea.

Miguu ya karavani iliyosimama wima ni kama ile fremu ya kwanza. Huzuia kupanda na kushuka, lakini haina nguvu dhidi ya kusukumwa upande. Dawa yake ni fimbo za mshazari kutoka chini ya mguu kwenda kwenye chesisi. Ziko zinazouzwa tayari, na fundi wa vyuma aweza kuzitengeneza. Moja iende kwa urefu wa karavani, nyingine kwa upana wake. Ukiweka moja tu umezuia upande mmoja tu. Siku ya kuondoka zifunguliwe kabla ya kupandisha miguu.

NDANI YA NYUMBA

Mtikisiko mwingine tunautengeneza wenyewe kwa namna tunavyoweka vitu.

Tazameni ndoo yenye maji nusu. Inueni mtembee nayo. Maji yanakwenda huku na huku, yanaivuta mikono. Ndoo iliyojaa pomoni haiyumbi hivyo, na ndoo tupu haina cha kuyumba. Akina mama wabebao maji kichwani huweka majani au vitawi juu ya maji ili yasichezecheze, na waundaji wa malori ya mafuta hugawanya tangi kwa kuta za ndani kwa sababu iyo hiyo. Basi tangi la karavani likiwa nusu, maji yake huongeza mchezo wa nyumba. Lijazeni, au liacheni tupu mtumie madebe yaliyo nje.

Vitu vizito, kama betri, magunia ya chakula na masanduku ya vyombo, vikae chini sakafuni, karibu na ekseli. Mzigo mzito ukiwekwa juu kabatini huifanya nyumba iyumbe kama mtu aliyebeba mtungi huku amesimama juu ya mtumbwi.

Ngazi ya mlango yataka kuangaliwa zaidi. Karavani nyingi zina ngazi iliyofungwa kwenye chesisi na kuning'inia. Kila anayeikanyaga anauvuta upande mmoja wa nyumba. Weka gogo au jeki ndogo chini ya ngazi hiyo. Au, bora zaidi, weka ngazi ya mbao inayosimama yenyewe juu ya ardhi, isiyoigusa karavani. Kwa chumba cha matibabu, ambacho watu huingia na kutoka kutwa nzima, ngazi ya kujitegemea yaweza kuleta utulivu kuliko kifaa cha bei kubwa.

Mwisho, pima hewa ya matairi. Tairi lililolegea hujikunja zaidi kuliko lililojazwa kwa kipimo chake. Litie hewa kwa kadiri ilivyoandikwa na mtengenezaji, bila kupunguza wala kuzidisha.

KUKAGUA, NA KUONDOKA

Karavani haitulizwi mara moja ikasahauliwa. Baada ya usiku wa kwanza mbao huzama kidogo. Mvua ikinyesha huzama zaidi. Kwa hiyo kila asubuhi mtu mmoja azunguke: aguse kila kabari, azungushe kila mguu kuona kama umelegea, atazame pimamaji. Ni kazi ya dakika tano. Mtu huyo atajwe kwa jina, maana kazi ya wote huwa si kazi ya mtu.

Siku ya kuondoka, utaratibu hugeuzwa kinyume. Kwanza gari lirudi na karavani ifungwe kwake imara. Ndipo miguu ipandishwe, yote minne, na mtu azunguke kuihesabu. Mguu uliosahauliwa chini hukwaruza barabara na kupindika. Kabari ziondolewe mwisho kabisa. Anayeondoa kabari kabla karavani haijafungwa na gari ameifungulia mnyama bila kamba. Na wakati gari linaporudi nyuma, watoto wasimame upande ambao dereva anawaona, na mtu mzima awashike.

MUHTASARI

Ndugu wasikilizaji, tukusanye tuliyojifunza. Karavani hutikisika kwa kuwa imekaa juu ya springi na matairi. Mchezo wa mbele na nyuma huzuiwa kwa kabari na kwa fimbo za mshazari. Kuyumba upande kwa upande hupunguzwa kwa kusawazisha, kwa kuweka vitu vizito chini, na kwa miguu iliyo juu ya mbao pana. Kupanda na kushuka hupunguzwa kwa miguu iliyokazwa kwa kadiri. Nguvu za mkono si dawa. Dawa ni kufuata utaratibu. Magurudumu kwanza, miguu baadaye.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KUNDI

1. Karavani ya kilo 1,600 imeegeshwa juu ya mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 20. Inavutwa kwenda chini kwa nguvu ya kilo ngapi?

2. Ubao wa mita moja umehitaji kuinuliwa sentimita 3 ili kipovu kikae katikati. Magurudumu yameachana mita 2. Gurudumu la upande wa chini liinuliwe sentimita ngapi?

3. Kwa nini kigoda hakichezi mahali ambapo meza inacheza?

4. Jirani yako ameinua karavani kwa miguu ya kona mpaka matairi yamening'inia, na anasema sasa haitikisiki hata kidogo. Utamwambia nini, na utamwambiaje hata akusikilize?

5. Je, kijijini au kazini kwenu kuna tela lolote, hata la trekta, linaloegeshwa bila kabari? Ni nani atakayechonga kabari hizo, na lini?

Swali la tano ndilo ninaloliona kubwa kuliko mengine, maana halijibiwi kwa maneno. Kipande cha mti mgumu na msumeno vinatosha.